Safari ya mbugani na familia: mlipe mwongozaji, pakeji iache

Likizo ya Agosti ikikaribia, kikundi chetu cha wazazi hapa Nakuru huwa kinarudia swali moja: tuchukue kampuni ya utalii au tujaze mafuta twende wenyewe? Wengi hulijibu kwa kuangalia mfuko tu. Mimi naona pesa ni nusu ya jibu.

Kampuni inapokuuzia ziara, inakuuzia vitu vitatu kwa bei moja: gari, mpango wa siku, na macho ya mtu anayeijua mbuga. Gari unaweza kuwa nalo au ukakodisha. Mpango wa siku moja hauhitaji shahada. Macho ndiyo huwezi kuyapata kwingine, na habari njema ni kwamba mara nyingi unaweza kuyalipia peke yake.

Kwanza hesabu. Kampuni hutoza kwa kichwa. Gari lako hulipiwa langoni mara moja, na mafuta ni karibu yale yale ukibeba watu wawili au sita. Kwa hiyo mtu na mkewe wasio na gari watapata nafuu wakijiunga na gari la pamoja, lakini baba, mama, watoto watatu na nyanya watalipa pesa nyingi bila sababu.

Halafu kuna watoto wenyewe. Tuliwahi kusafiri na kampuni moja katika gari la pamoja, na dereva alikuwa amewaahidi wageni wengine simba. Kitinda mimba wetu alikuwa ameganda dirishani akitazama ngiri akichimba kwa magoti. Hata dakika mbili hazikuisha, redio ikaita, gari likang'oka. Mtoto alilia hadi tukafika kwa huyo simba, ambaye alikuwa amelala kichakani na kuonyesha sikio tu. Simlaumu dereva kwa kufanya kazi aliyotumwa. Ila mtoto wa miaka mitano hahesabu wanyama wakubwa watano. Anataka kukaa na mnyama mmoja mpaka amalize maswali yake, na nafasi hiyo utampa tu ukiwa na uhuru wa kuzima injini.

Kwa hilo, Ziwa Nakuru ni mahali pazuri pa kuanzia. Hifadhi ni kilomita mraba 188 tu, imezungushiwa ua, na wakati wa kiangazi hata gari dogo hupita barabara kuu bila taabu. Mvua ikinyesha, ni habari nyingine. Azima gari la juu au ahirisha. Waambie watoto mapema kwamba humo hakuna ndovu, wasije wakashinda wakimtafuta. Waambie pia kuhusu flamingo. Tangu mwaka 2010 hivi maji ya ziwa yamepanda sana, chumvi ikapungua, mwani ambao flamingo huula ukapungua nao, na makundi makubwa yakahamia maziwa mengine kama Bogoria. Maji hayo hayo yalimeza barabara za kando ya ziwa na hata lango kuu la zamani, kwa hiyo usitegemee ramani ya zamani. Muulize askari langoni ni barabara zipi zinapitika siku hiyo. Na pale Baboon Cliff, funga vioo kabla hujafungua chakula. Nyani wa pale wanaijua sauti ya karatasi ya mkate.

Lakini hata Nakuru, ninakoishi, siku tukiwa na wageni natafuta mwongozaji aingie nasi kwenye gari letu. Bila yeye, kifaru ni kifaru. Akiwepo, watoto wanajifunza kuangalia mdomo: mweupe ana mdomo mpana wa kula nyasi, mweusi ana mdomo uliochongoka wa kukwanyua majani ya vichaka. Tena mtoto wa kifaru mweupe kwa kawaida hutangulia mbele ya mama yake, wa mweusi hufuata nyuma. Binti yangu alipolijua hilo, alishinda mchana kutwa akitafuta kifaru mwenye mtoto, na hakuuliza simu hata mara moja.

Msitu wa Kakamega ndiko nisikokubali kabisa familia iingie bila mwongozaji. Upande wa Isecheno uko chini ya Huduma ya Misitu, wa Buyangu chini ya KWS, yaani Huduma ya Wanyamapori, na kote utapata waongozaji wa kienyeji waliokulia kando ya msitu. Kule hakuna kukaa garini. Mnatembea chini ya miti mirefu, na asiyejua ataona kijani tu. Tulipokwenda na Kukhu, mama mkwe wangu, yule kijana aliyetuongoza alisimama ghafla akainua kidole. "Msiangalie. Sikilizeni." Juu yetu hondohondo walikuwa wakipita, na mabawa yao yanavuma kama mtu anayepepeta mahindi kwenye ungo. Hatukuwaona hata mmoja, majani yaliwaficha, lakini watoto bado wanaiiga ile sauti. Mbele kidogo akatuonyesha mti wa jamii ya mkuyu ulioota juu ya mti mwenzake, ukateremsha mizizi na kuukaba. Alipofika kwenye gome moja akasema wazee walilitafuna kwa maumivu ya tumbo, Kukhu akamkatiza: "Tulikuwa tunalichemsha, mwanangu. Nani alilitafuna?" Kuanzia hapo tulikuwa na waongozaji wawili, na yule kijana alimwuliza Kukhu maswali mengi kuliko sisi.

Siku kama hiyo haiandikwi kwenye ratiba ya kampuni.

Kwa familia yenye watoto wadogo sana, hifadhi ya Impala pale Kisumu inatosha: ni ndogo, iko ufukweni mwa ziwa, mnaimaliza kwa miguu. Saiwa, karibu na Kitale, nayo ni ya kutembea tu, juu ya njia za mbao, kumtafuta nzohe, swala anayeishi kwenye kinamasi. Fikeni alfajiri au jioni. Ukienda hifadhi ya Ruma, usivae buluu wala nyeusi, kwa sababu mbung'o hupenda rangi hizo.

Kampuni ninaitetea kwa Maasai Mara. Udongo mweusi wa kule hunasa gari mvua ikinyesha, njia ni nyingi na hazina vibao, na hifadhi iko chini ya Kaunti ya Narok, si KWS, kwa hiyo ada na taratibu zake ni tofauti. Hapo chukueni gari la kampuni, ila likodisheni zima, familia mbili pamoja, ili saa ya kusimama muipange ninyi. Kabla hujatuma hela, uliza kama ada ya kiingilio imo ndani ya bei na kama dereva ana leseni ya kuongoza watalii. Wakisitasita kuandika majibu, tafuta wengine.

Mkienda wenyewe kwenye hifadhi za KWS, lipeni kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, mkiwa bado nyumbani kwenye mtandao mzuri, na mbebe vitambulisho ili mtozwe ada ya mwananchi. Chupa za plastiki za kutumia mara moja, pamoja na sahani na vikombe vya aina hiyo, zimepigwa marufuku kwenye hifadhi tangu Juni 2020; wekeni maji kwenye chupa za kudumu. Mwongozaji mpigieni simu siku moja kabla, mkubaliane bei, saa, na kama atakaa kiti cha mbele. Mpeni hicho kiti. Akikaa nyuma katikati ya watoto, ataona vichwa vyenu tu.