Uliza Mwalimu: Seli isiyo na kiini, kitunguu cha maabara, na ugomvi wa nani kaleta selimundu

Maswali ya safari hii karibu yote ni ya seli, nahisi shule nyingi ndo ziko kwenye topiki hiyo sa hivi. Yanayofanana nimeyaunganisha. Ambaye hajaliona lake asinune, toleo lijalo lipo.

Shikamoo mwalimu. Kwenye notsi zetu imeandikwa kiini ndo kinaongoza shughuli zote za seli na bila kiini seli haiwezi kuishi. Alafu kurasa mbili mbele tunaambiwa chembe nyekundu za damu hazina kiini. Sasa hizo ni seli au sio seli? Na zinaishije? (Kidato cha pili, Morogoro)

Marahaba mwanangu. Notsi zako hazijadanganya ila zimekatisha habari katikati. Chembe nyekundu ni seli kabisa, na kiini ilikuwa nacho. Zinazaliwa kwenye uboho wa mifupa, na zikiwa changa zina kiini kama seli nyingine, na humo ndo kuna DNA yenye maagizo ya kutengeneza hemoglobini, ile protini yenye madini ya chuma inayobeba oksijeni na kuipa damu rangi yake. Hemoglobini ikishakuwa ya kutosha seli inakisukuma kiini mpaka kinatoka nje kabisa, na seli za ulinzi zilizopo hapo hapo kwenye uboho zinakimeza. Baadae na mitokondria, vile vijisehemu vya seli vinavyotengeneza nishati, zinaondolewa. Kinachobaki kuzunguka mwilini ni kifuko bapa kilichobonyea pande zote mbili, upana wake maikromita 7 mpaka 8 (maikromita ni milimita 1 ukiigawa mara elfu), ndani mna molekuli za hemoglobini kama milioni 270.

Faida yake? Kwanza nafasi, hemoglobini inaenea. Pili seli inajikunja vizuri, na inahitaji kujikunja kwa sababu kuna mishipa mingine ya damu ni myembamba kuliko yenyewe. Tatu, na hii watu wengi huwa hawaifikirii, mitokondria ndo zinazotumia oksijeni, sasa kama seli kazi yake ni kubeba oksijeni kuwapelekea wengine alafu ikawa nayo mitokondria, si itaila njiani? Kwa hiyo chembe nyekundu inajipatia nishati kwa kuvunja glukosi bila oksijeni, inatosha mahitaji yake madogo.

Ila bei yake ipo na hapo ndo notsi zako ziko sahihi. Bila DNA haiwezi kutengeneza protini mpya, ikichakaa imechakaa, haiwezi kujikarabati wala kujigawa. Inaishi siku kama 120 tu alafu inavunjwa, zaidi kwenye bandama na ini, na chuma chake kinatumika tena. Ndo maana uboho haupumziki, mtu mzima anatengeneza chembe nyekundu kama milioni 2 kila sekunde. Kwa hiyo ukiulizwa kwenye mtihani usiandike "seli bila kiini haiwezi kuishi", andika haiwezi kuishi muda mrefu wala kuzaliana.

Nikuongezee kitu ambacho hakimo kwenye notsi. Ukienda kupima malaria kwa hadubini, mtu wa maabara anapaka damu yako kwenye slaidi, anaiwekea rangi inayoshika DNA kwa zambarau, alafu anaanza kutafuta vidoti. Chembe nyekundu haina kiini, sasa akikuta kidoti cha zambarau kina pete ya bluu NDANI ya chembe nyekundu, hicho kiini sio chako, ni cha kimelea kilichohamia humo. Kimelea cha malaria nacho ni seli, ni seli moja tu lakini ina kiini chake na utando wake, imejificha ndani ya seli yako inakula hemoglobini. Ukiifahamu hiyo chembe isiyo na kiini, slaidi ya malaria unaielewa kabla hujafundishwa. Ila angalizo, hii ni kwa binadamu na mamalia wenzake, kuku na samaki na mjusi chembe zao nyekundu zina kiini mpaka zinakufa. Siku mkichinja kuku nyumbani na shule ina hadubini, peleka tone.

Mwalimu tumefanya kitunguu maabara, mimi nimeona maboksi matupu tu na vidoti vichache. Mitokondria sikuziona, kloroplasti sikuziona, rafiki yangu yeye kachora zote akapata maksi nyingi kunizidi. Nilikosea wapi? (Kidato cha kwanza, Tanga)

Hujakosea popote. Rafiki yako kachora kitabu, wewe umechora slaidi, na aliyesahihisha nina neno naye lakini tuache.

Kloroplasti, vile vidonge vya kijani vinavyotumia mwanga kutengeneza chakula, kwenye kitunguu cha maabara hazipo kwa sababu ile sehemu mnayobandua inakua chini ya udongo, hakuna mwanga, seli haina haja ya kloroplasti. Ukitaka kuziona chukua jani la kijani la kitunguu hicho hicho, kwangua kidogo sehemu ya kijani ya jani, weka na tone la maji, utaona vidonge vya kijani bila hata kuweka rangi. Mitokondria ni habari nyingine, hizo zipo, ila unene wake ni kama nusu mpaka maikromita 1 na hazina rangi, kwa hadubini za shuleni zinazotumia mwanga usitegemee kuziona bila dawa yake maalum ya kuzipaka. Ile picha yenye mikunjo mikunjo ya ndani imetoka kwenye hadubini ya elektroni.

Ulichotakiwa kuona ni hiki: ukuta wa seli, mistari iliyopangana vizuri, na kiini, kidoti kimoja kwa kila seli, kinakuwa rangi ya kahawia au njano ukiweka iodini. Mara nyingi kiini kimebanwa pembeni, hicho kinachokibana ni vakuoli, mfuko wa maji unaojaza karibu seli nzima, kwa hiyo yale maboksi hayako matupu. Ukiona mduara mkubwa wenye ukingo mweusi mnene, usishangilie, hicho ni kiputo cha hewa. Shusha kifuniko cha slaidi kwa kukilaza taratibu upande mmoja kwanza.

Kuona maboksi matupu kuna historia bana. Robert Hooke mwaka 1665 huko Uingereza aliangalia kipande cha koki akaona vyumba vitupu, akaviita seli, lakini koki ni gome lililokufa, alichoona ni kuta tu zilizobaki. Kiini kilikuja kupewa jina lake 1831 na Robert Brown akiangalia majani ya okidi, miaka 166 baadae. Wewe umeviona vyote siku moja tena kidato cha kwanza.

Kwanini dripu inawekwa chumvi? Mgonjwa si anahitaji maji, wangemwekea maji safi tu. (Kidato cha tatu, Mbeya)

Wakimwekea maji matupu kwenye mshipa watapasua chembe zake za damu. Utando wa seli unaruhusu maji kupita kirahisi ila chumvi na protini zilizo ndani hazitoki ovyo, na maji siku zote yanaelekea upande wenye vitu vingi vilivyoyeyuka. Ndani ya chembe nyekundu kuna vitu vingi, nje maji matupu, kwa hiyo maji yanaingia, yanaingia, utando unavutika mpaka unapasuka. Ukizidisha chumvi nje inakuwa kinyume, maji yanatoka seli inasinyaa. Dripu ya chumvi ina gramu 9 kwa lita, yaani asilimia 0.9, kiwango ambacho maji yanayoingia na yanayotoka yanalingana, seli inakaa vile vile ilivyo. Ile ya glukosi nayo imepimwa kwa hesabu hiyo hiyo.

Sasa mmea haupasuki kwanini? Una ukuta wa selulosi nje ya utando. Maji yakiingia seli inatuna, inasukuma ukuta, ukuta unakataa, na hiyo kusukumana ndo inafanya mchicha usimame. Muuza mchicha sokoni anavyonyunyizia maji mafungu yake kutwa nzima anajua anachofanya hata kama topiki ya osmosisi hakuisoma. Na nyumbani ukikata vitunguu vya kachumbari ukavifikicha na chumvi, dakika chache tu vinalegea na maji yanajaa kwenye bakuli. Hayo maji ulikuwa hujayamimina wewe, yametoka kwenye vakuoli.

Mwalimu mimi sio mwanafunzi ni mzazi, namfuatilia mwanangu masomo yake. Mdogo wake ana selimundu. Mimi na baba yao hatuumwi kabisa. Nataka kuelewa kwenye seli yenyewe kinachoharibika ni nini, maana upande wa mume wanasema mimi ndo nimeleta. (Mama wa watoto watatu, Geita)

Pole dada yangu, na ahsante kwa kuandika, hili nalijibu kwa kirefu.

Hemoglobini imeundwa na minyororo minne, miwili ya aina moja na miwili ya aina nyingine inayoitwa beta. Mnyororo wa beta una amino asidi, yaani vipande vinavyojenga protini, 146 zilizopangwa kwa mfuatano ambao umeandikwa kwenye DNA. Kwenye selimundu kuna herufi MOJA ya DNA imebadilika, kwenye A imekaa T, kwa hiyo amino asidi ya 6 badala ya kuwa asidi ya glutamiki inakuwa valini. Basi, ni hiyo tu. Lakini hiyo valini ina tabia ya kukwepa maji, na hemoglobini ikishaachia oksijeni zinaanza kushikana moja na nyingine zinakuwa nyuzi ndefu ngumu ndani ya seli, nyuzi zinaisukuma seli inajipinda kama mundu. Seli ya namna hiyo haijikunji tena, inakwama kwenye mishipa myembamba, na kule mbele damu isipofika ndo yale maumivu makali ya mifupa unayomuona nayo mtoto. Tena haifiki siku 120, inavunjika ndani ya siku 10 mpaka 20, uboho unatengeneza haraka haraka lakini haukimbii vya kutosha, ndo damu inapungua.

Nani kaleta? Wote wawili, sawa kwa sawa. Jeni, yaani maagizo ya DNA, ya mnyororo wa beta iko kwenye kromosomu (uzi wa DNA) ya 11, na kila mtu ana kromosomu hiyo mbili, moja ya baba moja ya mama. Mtoto akiwa na jeni moja ya selimundu na moja nzima haumwi, kama nyie wawili mlivyo. Akiumwa maana yake kapokea mbili, na haziwezi kutoka kwa mtu mmoja. Kwenye seli kuna DNA kidogo inayotoka kwa mama peke yake, ile iliyo ndani ya mitokondria, lakini hemoglobini haimo humo. Hao ndugu wa mume wasomewe hapa.

Na kila mimba kwenu ni bahati nasibu upya, nafasi 1 kati ya 4 mtoto aumwe, 2 kati ya 4 awe kama nyie, 1 kati ya 4 asiwe nayo kabisa. Sio kwamba akishapatikana mmoja mgonjwa watatu wanaofuata wako salama, watu wanaielewa hivyo na sio. Hao wakubwa wawili wapimwe aina ya hemoglobini yao, ili wakija kuoa na kuolewa wawe wanajua.

Alafu usione Kanda ya Ziwa ina selimundu nyingi ukadhani ni mikosi. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu huko mwaka 1949 akakuta pwani na kando ya Ziwa Victoria wenye jeni hii ni wengi, nyanda za juu ni wachache sana, na ramani hiyo ilifanana na ramani ya malaria. Mwaka 1954 akaonyesha kwamba mwenye jeni moja tu, kama wewe, anakingwa kwa kiasi na malaria kali, na sehemu ya sababu ni kwamba kimelea kikiingia kwenye chembe yake inajipinda mapema na bandama inaiondoa. Watoto wenye jeni moja walipona malaria vizazi na vizazi, jeni ikaendelea kurithishwa. Kliniki usiache, na dawa mfuate daktari sio mimi.

Seli za tembo ni kubwa kuliko za panya? Tumebishana bwenini. (Kidato cha pili, Arusha)

Karibu zinalingana. Chembe nyekundu ya tembo ni maikromita 9 hivi, ya panya mdogo wa nyumbani 6 hivi, wakati tembo wa tani 5 anamzidi panya wa gramu 20 uzito mara 250,000. Tembo ana seli nyingi, sio seli kubwa.

Sababu ni hesabu. Seli ya umbo la mchemraba wenye upande wa 1 ina eneo la nje 6 na ujazo 1. Ikuze upande uwe 10, eneo linakuwa 600 lakini ujazo unakuwa 1,000. Chakula na oksijeni vinapitia eneo la nje, vinaliwa na ujazo, sasa hiyo kubwa itakufa njaa katikati, kama viazi vizima vinavyobaki vibichi ndani wakati vya kukatwa vimeshaiva. Seli inayotaka kuwa ndefu inakuwa nyembamba, za neva toka mgongoni mpaka mguuni zinafika hata mita 1. Aliyetaja yai la mbuni mpeni haki yake, kile kiini cha njano (sio kiini cha seli, majina tu yamefanana) kabla ya kurutubishwa ni seli moja, ila karibu chote ni akiba ya chakula iliyokaa tu.

Kirusi ni seli? (Wengi mmeuliza)

Hapana. Hakina saitoplazimu, hakina ribosomu za kutengeneza protini, hakiwezi kujizalisha mpaka kiingie kwenye seli ya mwingine, kama VVU inavyoingia kwenye seli nyeupe za CD4. Bakteria ni seli, ndogo na haina kiini lakini ribosomu inazo, tena zimetofautiana kidogo na zetu, na doksi (doksisiklini, dawa ya kuua bakteria) inazishika hizo za bakteria zinashindwa kutengeneza protini. Kirusi cha mafua hakina ribosomu ya kushikwa, kwa hiyo anayekimbilia duka la dawa kununua doksi kila akipiga chafya anatupa hela yake na anawafundisha bakteria wake usugu bure.