Mwanangu, Kuhusu Nova Scotia

Mbagala, Dar es Salaam
Ijumaa, baada ya alasiri

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sauti uliyonitumia juzi usiku nimeisikiliza mara nne, mara ya mwisho nikiwa na mama yako. Unasema umepata barua ya ajira kutoka nyumba ya kulea wazee huko Nova Scotia, pwani ya mashariki ya Kanada, mji mdogo karibu na Yarmouth. Unasema umechoka na foleni ya Kimara, joto, zamu za usiku, na muziki wa jirani unaokukuta umetoka kazini unataka kulala. Umeona picha za pwani ile, nyumba mojamoja na bahari mbele yake, hakuna mtu. Halafu ukauliza, "Baba, ungekuwa wewe, ungeondoka?" Nilijaribu kukujibu kwa sauti, nikashindwa. Ndiyo maana naandika.

Mimi nilishaondoka, mwanangu. Mwaka 1984 nilitoka Kilwa Kivinje na sanduku la bati nikaja kufundisha historia hapa Dar. Kimya unachokitafuta wewe ndicho nilichozaliwa nacho. Kivinje unaijua kwa kupita tu, siku mbili za Idi na kurudi. Sisi tuliishi pale. Maji yakipwa, mashua zinalala ubavu kwenye tope, na unaweza kusikia mtu anakohoa nyumba ya tatu. Majumba ya mawe ya enzi za Waarabu na boma la Wajerumani yalikuwa yanamomonyoka taratibu, mimea ikiota kwenye kuta. Jioni hakuna sauti ila adhana na bahari. Na mimi, kijana wa miaka ishirini na mitatu, nilikikimbia kimya kile kama unavyotaka kuikimbia kelele.

Dar ya wakati huo ilikuwa ndogo. Sensa ya 1978 ilihesabu watu 843,090. Ya 2022 imetuhesabu 5,383,728. Nilipanga chumba Temeke, na zile kelele, makondakta wakiita abiria, mama anauza vitumbua kabla ya alfajiri, redio tatu kwa mpigo, kwangu zilikuwa habari njema. Zilinieleza kwamba hapa kuna watu na watu wana shughuli. Sikuwahi kuzichukia mpaka nilipozeeka. Kwa hiyo uchovu wako siudharau. Nami siku hizi nikisikia spika inawashwa mtaani, moyo unaanza kwenda mbio.

Lakini nikueleze alichoniambia bibi yako. Miaka ya tisini mwanzoni nilikwenda likizo Kivinje, nikakaa naye barazani, nikaanza kusifu jinsi mji ulivyotulia. Alikuwa anasuka ukili, hakuinua macho. Akasema, "Huu si utulivu, baba. Ni nyinyi mmeondoka." Tulizaliwa wanne, na wote wanne tulikuwa tumeondoka. Nyumba ya jirani watatu, wote wameondoka. Tangu siku ile sijaweza kuisifu tena Kivinje mbele ya mtu aliyebaki kule.

Sasa nimesoma habari za Nova Scotia wiki hii nzima, mjukuu wa jirani akinisaidia kwenye simu, na kila ninachosoma kinanirudisha kwa bibi yako. Jimbo lile ni kubwa kama mara arobaini ya Mkoa wa Dar es Salaam, lakini sensa yao ya 2021 ilipata watu 969,383 tu. Kwa miongo mingi vijana wake wamekuwa wakienda magharibi, Ontario na Alberta, kutafuta kazi, na wazee wanabaki na nyumba zao za mbao kando ya bahari. Mpango utakaokupeleka wewe, ule wa uhamiaji wa majimbo manne ya Atlantiki, ulianza kwa majaribio 2017 na kufanywa wa kudumu 2022, na ulibuniwa kwa sababu hiyo: waajiri wanakosa watu, miji midogo inakosa vijana. Miaka ya karibuni watu wameongezeka, na Halifax, mji wao mkuu, kodi za nyumba zimepanda. Huko vijijini unakokwenda, bado wanakutafuta wewe kwa sababu watoto wao hawapo.

Bibi mmoja wa kizungu utakayemwogesha asubuhi na kumlisha uji atakuwa na mtoto Alberta anayempigia simu Jumapili. Utamshika mkono mama wa mtu mwingine. Sikuambii hili kukuzuia. Ni kazi ya heshima kubwa, na unaiweza kuliko mtu yeyote ninayemjua. Nilikuona ulivyomuuguza shangazi yako. Nataka tu uijue kazi hiyo kwa jina lake, usiende ukidhani unakwenda kupumzika. Kama unachotafuta ni kimya, mwanangu, baki. Kama unawataka wazee wale, na unataka kuwa muuguzi mahali ambapo muuguzi hagawanywi kwa wagonjwa arobaini, basi hilo ni jambo jingine, na nitakusikiliza.

Nizungumzie na bahari, maana najua ndiyo iliyokuteka. Wewe unaijua bahari ya kuogelea, ya Kigamboni, kusi likivuma na kaskazi likirudi. Ile ya kwao ni baridi hata katikati ya kiangazi chao. Upande wa pili wa jimbo lile kuna Ghuba ya Fundy, ambako maji hujaa na kupwa kuliko mahali popote duniani, hadi mita 16. Bamvua letu kubwa kabisa halifiki mita tano. Hebu fikiria mnazi uliokomaa unazama na kuibuka mara mbili kwa siku. Ningependa kuiona hiyo kabla sijafa, nakiri. Lakini wavuvi wa pwani yako ya kusini-magharibi huanza msimu wa kambakoche mwisho wa Novemba, baridi inapoingia, na kumaliza mwisho wa Mei. Desemba jua linazama kama saa kumi na nusu jioni. Adhuhuri, alasiri na magharibi zitafuatana kama zinafukuzana. Mtu aliyekulia kwenye jua la saa kumi na mbili mwaka mzima lazima ajiulize atakavyokuwa rohoni mwezi wa tatu wa giza lile, hasa akiwa hana jirani wa kumgongea mlango. Kimya cha msimu huo hakiko kwenye picha ulizotumiwa.

Na kwa kuwa mimi ni mwalimu wa historia, utanivumilia kidogo. Hutakuwa Mwafrika wa kwanza kwenye pwani hiyo. Mwaka 1783 walifika Nova Scotia watu weusi wapatao 3,000, waliokuwa upande wa Waingereza katika vita ya uhuru wa Marekani na kuahidiwa uhuru na ardhi. Wengi walikaa Birchtown, karibu na Shelburne, pwani hiyohiyo unayokwenda. Ardhi waliyopata ilikuwa ya mawe, na wengine hawakupata kabisa. Mwaka 1792 karibu watu 1,200 kati yao walipanda meli kumi na tano, wakavuka bahari mpaka Sierra Leone, wakaanzisha Freetown. Wakati ule nao, kila nyumba ilikaa ikajiuliza swali lako: twende au tubaki? Waliobaki wajukuu wao wapo hadi leo. Mmoja wa watu wa jimbo hilo, Viola Desmond, alikamatwa mwaka 1946 kwa kukaa kwenye viti vya wazungu katika sinema ya mji wa New Glasgow. Serikali ya jimbo ilimsamehe rasmi mwaka 2010, miaka mingi baada ya kufa kwake, na tangu 2018 sura yake iko kwenye noti ya dola kumi ya Kanada. Naisoma historia hiyo nikiona mambo mawili kwa pamoja: kwamba nchi ile imejifunza, na kwamba ilikuwa na cha kujifunza. Ukifika, watafute watu hao. Watakueleza ambayo mwajiri hatakueleza.

Sasa karatasi. Barua yako inasema "msaidizi". Wewe ni muuguzi uliyesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, miaka saba wodini. Usajili huo hauvuki bahari. Kule itakubidi uombe upya kwenye chombo cha wauguzi cha jimbo na kufanya mtihani wao. Waulize kwa maandishi: watakusaidia kuupata usajili huo, na kwa muda gani? Wakikujibu kwa maneno matamu bila tarehe, hilo nalo ni jibu. Pili, mwajiri wa mpango ule wa uhamiaji lazima awe ameidhinishwa, na orodha iko wazi kwenye tovuti ya serikali. Mtafute jina lake mwenyewe, usimwachie wakala. Tatu, na hili nalisema kwa ukali: yule mtu wa Kariakoo anayetaka milioni tatu "za kuharakisha" usimpe hata senti. Sheria ya kazi ya Nova Scotia inakataza kumtoza mfanyakazi wa kigeni ada ya kutafutiwa kazi. Anayekuomba fedha hiyo ama hakujui, ama anakujua vizuri sana.

Mkwe wangu anaogopa kwamba atakaa bila kazi. Mwambie nyumba nyingi za huko sasa zinapashwa joto na mashine ambayo kwa kanuni ni kiyoyozi kilichogeuzwa: inanyonya joto la nje na kuliingiza ndani. Fundi wa viyoyozi wa Dar kama yeye ataielewa kabla hajamaliza chai. Cheti chao atalazimika kukitafuta, lakini mikono anayo. Kuhusu mjukuu wangu nina ombi moja tu, muongeeni Kiswahili nyumbani, kila siku, hata akiwajibu kwa Kiingereza. Nataka nikizungumza naye kwenye simu anielewe bila mkalimani.

Uraia tuuzungumze tukiwa tumekaa. Ukaazi wa kudumu wa Kanada haukuondolei pasi yako ya Tanzania. Ni uraia wao ndio unaoondoa. Ukishaishi kule siku 1,095 ndani ya miaka mitano utaruhusiwa kuuomba, na wenzako watakuhimiza. Wao wanakubali uraia wa nchi mbili, sisi hapa mtu mzima akichukua wa nchi nyingine anaupoteza wetu. Hadhi maalumu iliyowekwa kwa Watanzania wa ughaibuni ni msaada, lakini si uraia, na hutapiga kura nayo. Siku utakapoifikia fomu hiyo, nipigie kabla hujaijaza. Kule ni nyuma yetu kwa saa saba wakati wa baridi na sita wakati wa joto, kwa hiyo ukitoka zamu ya jioni, mimi nitakuwa nimeamka kwa ajili ya alfajiri.

Kabla ya yote hayo, kuna kitu unaweza kukifanya mwezi huu. Una likizo. Nenda Kivinje, nyumba ya bibi yako bado ina paa. Kaa wiki tatu, wewe na mume wako na mtoto, bila kuwasha runinga. Ukirudi uniambie kama kimya kilikuponya au kilikutisha. Pale una ndugu, una lugha, una samaki wa kupewa. Ukishindwa kukaa Kivinje, Yarmouth hutaiweza.

Limebaki moja ambalo mama yako hakutaka niliandike. Bibi yako alifariki wakati wa masika, Aprili 1996. Nilipata habari asubuhi, mchana nikawa njiani. Kutoka hapa ni kama kilomita 300 tu. Lakini Daraja la Mkapa halikuwepo, lilikuja kufunguliwa 2003, na Rufiji ilikuwa imefura, pantoni ya Ndundu haivuki. Nililala pale ukingoni siku mbili, nikiyatazama maji. Nilipofika walishamzika, watu wanasoma hitma. Kaka zangu walikuwa wamenisubiri mpaka hawakuweza tena, na kwa kule kusubiri kwao niliona haya kuliko kwa kuchelewa kwangu.

Kutoka hapa hadi Nova Scotia ni zaidi ya kilomita 11,000. Ukienda, huenda hutawahi. Kwa hiyo nimezungumza na kaka yako jana, mbele ya mama yako. Nimemwambia, siku yangu ikifika, kama wewe uko mbali, wasikungoje hata saa moja. Wanizike, halafu wakupigie. Na wewe usilale ukingoni mwa mto wowote kwa ajili yangu. Nimekuruhusu tangu sasa, nikiwa na akili timamu na afya njema, na hilo usiliweke kwenye mizani unapoamua.

Njoo Jumapili na hiyo barua ya ajira yenyewe, si picha yake. Mama yako anasema atapika wali wa nazi na changu. Nitakuwa nimevaa miwani.

Baba yako