Baada ya Umra, Twende Al-Ula?

SWALI: Mhariri, assalamu alaikum. Mimi na mama tunatarajia kwenda umra mwezi wa Januari pamoja na kikundi cha hapa Tabora. Nimesikia kwamba kaskazini ya Madina kuna oasisi ya Al-Ula yenye makaburi ya kale yaliyochongwa mwambani. Je, tunaweza kufika huko, na panastahili gharama? Mama anasita, kwa kuwa inasemekana ndiyo nchi ya Thamudi, watu wa Nabii Saleh walioangamizwa na Mungu. — Msomaji, Isevya, Tabora.

JIBU: Waalaikumu salamu. Mnaweza kufika, na kwa maoni yangu panastahili, ilimradi mtenge siku mbili kamili. Kutoka Madina ni takriban kilomita 300, na anayekwenda na kurudi siku moja hushinda barabarani. Viza ya umra huruhusu kutembelea miji mingine ya Saudi Arabia, lakini mwarifuni wakala wenu kabla hajakata tiketi za kurudi.

Kubwa la kuona ni Hegra, yaani Al-Hijr au Madain Saleh, iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, ya kwanza kwa nchi hiyo. Wanabatea, wafanyabiashara wa ubani ambao ndio waliochonga Petra, mji wa mwambani huko Yordani, waliacha hapo makaburi makubwa 111, na 94 kati yake yana nakshi. Lile liitwalo Qasr al-Farid limesimama peke yake katika jabali moja. Litazameni sehemu ya chini, ambako mwamba umebaki na alama za patasi, nanyi mtaona kwamba mafundi walianza juu wakashuka, wasimalize. Tiketi hukatwa mapema, na wageni huzungushwa kwa basi. Ipo pia stesheni ya reli ya Hijazi, iliyofika Madina mwaka 1908, miaka minne kabla ya reli yetu kufika Tabora.

Hofu ya mama ina msingi. Mtume (s.a.w.), alipopita Al-Hijr akielekea Tabuk, aliwakataza masahaba kuingia makazi ya walioadhibiwa isipokuwa wakiwa wanalia. Maandishi ya makaburini ni ya Wanabatea, waliokuja baadaye sana, lakini hukumu ya kuingia mwulizeni shehe wenu kabla ya kulipa. Mama akikataa, oasisi yenyewe iko takriban kilomita 20 kusini, pamoja na mitende yake na mji mkongwe wa nyumba za udongo. Msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, alikuwa amepita Al-Ula miaka mitano nyuma, akawasifu wenyeji kwa uaminifu, kwani mahujaji waliwaachia akiba ya vyakula hadi warudi. Chukueni masweta, usiku wa Januari huko ni wa baridi kali.