Ziwa halina mpangaji: kwa wadogo zangu mnaochambua mtawanyiko wa ofisi

Msimu wa fildi umeanza na ramani zimeanza kufika mezani. Kosa ni lilelile la mwaka jana na mwaka juzi: kampuni ya majengo ya biashara ina ofisi Mwanza, Musoma, Bukoba na miji ya katikati, halafu ukurasa wa mwisho unasema ofisi "zimebanana". Hazijabanana. Zimelizunguka ziwa, kwa kuwa wapangaji wako nchi kavu. Wadogo zangu, nawapenda, na ndiyo maana leo nasema kwa ukali kidogo. QGIS, programu ya kuchora na kuchambua ramani, mnaijua, kwa hiyo sitaanza na namna ya kuifungua.

1. Orodha kabla ya ramani. S.L.P. si mahali. Ukiipa programu anwani ya sanduku la posta la Mwanza, itakutupia nukta katikati ya mji, na ofisi kumi zitalaliana juu ya nukta hiyo moja. Tafuta namba ya kiwanja na kitalu, au namba ya jengo na jina la barabara kwenye mfumo wa anwani za makazi. Postikodi peke yake inakufikisha kwenye kata tu. Halafu weka safu ya aina ya ofisi: ya kampuni yenyewe, ya wakala au mshirika anayetumia jina lake, au dawati la kupangishia ndani ya jengo ambalo kampuni inalisimamia. Ukivichanganya hivi vitatu, unapima mambo matatu kwa rula moja. Wanaofanya mazoezi kwa kampuni kubwa za nje wawe macho zaidi, maana nyingi ziko Afrika kupitia washirika, na orodha zao hazitenganishi. Ongeza na safu ya tarehe: CBRE, kampuni ya Marekani ya majengo ya biashara, ilihamisha makao makuu kutoka Los Angeles kwenda Dallas mwaka 2020, na bado naona majedwali yanayoiweka California. Usiichukue anwani ya usajili ukaiita ofisi. Kampuni hiyohiyo imesajiliwa jimbo la Delaware.

2. Alama ya kutoa. Mwanza iko kwenye latitudo -2.5 na longitudo 32.9. Ukisahau hiyo alama, ofisi yako inahamia jirani na Lira, kaskazini mwa Uganda. Ukigeuza safu mbili hizo, inatua mashariki mwa Moroko. Haya yanaonekana mara moja. Lisiloonekana ni datamu, yaani msingi ambao latitudo na longitudo zinahesabiwa kutoka kwake: ramani nyingi za zamani za upimaji ziko kwenye Arc 1960, simu yako inasoma WGS 84, na tofauti yake huku kwetu ni karibu mita 300. Kwa Capri Point, rasi ya jijini Mwanza, mita 300 zinaweza kuitumbukiza ofisi majini. Badilisha zote ziwe WGS 84, UTM (mfumo wa ramani unaopima kwa mita) kanda ya 36 Kusini, ambayo kwenye programu ni EPSG:32736, kabla ya kupima chochote. Bukoba hadi Musoma zote zimo ndani ya kanda hiyo, hivyo hakuna kisingizio.

3. Eneo. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo ripoti zinapofia. Wengi wetu wenye miaka kazini tumewahi kusaini ripoti yenye kosa hili, mimi nikiwemo, na linauma kwa sababu hesabu yenyewe inakuwa sahihi kabisa.

Kielezo cha jirani wa karibu mnakifahamu, kile cha Clark na Evans cha mwaka 1954. Unachukua wastani wa umbali kutoka kila ofisi hadi ofisi iliyo karibu nayo zaidi, unaugawa kwa umbali unaotarajiwa kama nukta zingemwagwa ovyo. Umbali huo unaotarajiwa ni nusu ya kipeuo cha pili cha eneo lililogawanywa kwa idadi ya nukta. Jibu likiwa chini ya 1 zimebanana, likizidi 1 zimetawanyika. Sasa jiulize: eneo lipi? QGIS haikuulizi. Inachora mstatili unaozifunga nukta zako zote na kuchukua eneo la mstatili huo. ArcGIS nayo usipoiandikia eneo inafanya kitu cha namna hiyo. Kwa Dodoma au Tabora utapona. Kwa Kanda ya Ziwa, mstatili wa Bukoba hadi Musoma sehemu kubwa yake ni Ziwa Viktoria.

Chukua tarakimu za mfano, nimezirahisisha ili mzifanye kwa kalamu. Ofisi 16, wastani wa umbali uliopimwa kilomita 18. Mstatili una kilomita za mraba 40,000. Gawa kwa 16 upate 2,500. Kipeuo chake 50. Nusu yake 25. Kielezo ni 18 kwa 25, yaani 0.72. Alama z, inayoonyesha kama jibu linaweza kuwa la bahati tu, inatoka -2.14; ukiacha alama ya kutoa imevuka mpaka wa 1.96, na kijana anaandika kwa kujiamini: "zimebanana, uhakika wa asilimia 95". Sasa toa maji. Nchi kavu imebaki 14,400. Gawa kwa 16 upate 900; kipeuo 30; nusu 15. Kielezo ni 1.2, alama z ni 1.53. Haifiki 1.96. Data hii haithibitishi kubanana wala kutawanyika. Ofisi hazijasogea hata hatua moja, ila ripoti ya kwanza ingeweza kumfanya meneja afunge ofisi ya Geita au Sengerema akidhani amezirundika. Ofisi ikifungwa kuna watu wanapoteza kazi, wadogo zangu, na hao hawatajua kwamba sababu ni maji yaliyohesabiwa kuwa ardhi.

Dawa yake ni kazi ya nusu saa. Chora poligoni ya eneo la utafiti kwa mipaka ya wilaya, kata ziwa kwa faili la mwambao, pima kilichobaki kwa UTM, kisha kokotoa kielezo mwenyewe kwenye jedwali. Lakini faili la ziwa lenyewe likague. Mengi hayana matundu ya visiwa, na ukikata nayo Ukerewe nzima inapotea. Jaribio langu ni Nansio, mji wa Ukerewe: weka nukta pale na uangalie kama imeangukia nchi kavu. Ikiwa majini, tafuta faili jingine. Na msitumie eneo la wilaya kama lilivyoandikwa kwenye vitabu vya takwimu bila kusoma safu ya maji. Ukerewe karibu asilimia 90 ya eneo lake ni ziwa.

4. Umbali wa ndege si umbali wa mteja. Mwanza hadi Bukoba kwa mstari ulionyooka ni karibu kilomita 180. Kwa barabara ni zaidi ya mara mbili. Pima kwa mtandao wa barabara, na uangalie faili la barabara ni la lini. Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025. Faili la kabla ya hapo bado linamsubirisha mtu kivuko, na Sengerema inaonekana mbali na Mwanza kuliko ilivyo sasa.

5. Kitovu cha wastani, yaani wastani wa latitudo na wa longitudo za ofisi zote, ni kizuri kwa kulinganisha miaka, si kwa kupendekeza mahali pa ofisi: wastani wa Bukoba, Musoma na Mwanza unaangukia majini, magharibi ya kisiwa cha Ukara.

6. Unapolinganisha miji, gawanya idadi ya ofisi kwa mita za mraba za majengo ya biashara, si kwa idadi ya watu.

7. Ukishamaliza, chapisha ramani ya jiji, panda daladala. Anzia Barabara ya Kenyatta, pita Kirumba, fika Rock City Mall, rudi kwa njia ya Buzuruga. Kila nukta unayoifikia, tafuta kibao. Hakuna kibao, uliza mlinzi au muuza duka wa fremu ya chini: wao wanajua nani alihama na mwezi gani. Andika tarehe uliyofika kwenye safu yake, kisha rudi ukokotoe upya.