Silsila ya vidole: kwa wewe unayeanza jazi ya piano

Miaka yangu ya mwanzo ya kupiga piano hotelini, huku pwani, nilijipa kazi niliyoiona ya heshima kubwa. Nilichukua "Well, You Needn't" ya Thelonious Monk, mpiga piano wa jazi wa Marekani, ile aliyoirekodi mwaka 1947 akiwa na besi na dramu tu, nikakaa nayo miezi mitatu. Niliinakili noti kwa noti, hata zile anazozigonganisha makusudi. Piano yenyewe ilikuwa imeliwa na unyevu wa bahari. Kibonyezo kimoja cha katikati kikizama hakirudi mpaka ukiinue kwa ukucha. Hicho nacho nilikizoea. Siku ikafika nikaipiga. Kwenye solo, mpiga besi wetu, mzee aliyetokea bendi za dansi, akaacha kupiga. Akasimama tu, kiganja juu ya nyuzi, hadi nilipomaliza. Nikadhani nimemduwaza.

Wakati wa mapumziko nikamfuata. "Shikamoo mzee. Mbona uliniacha peke yangu?"

Akaitikia, akaendelea kukoroga chai yake. "Sikuwa na pa kuingia, mwanangu. Ulikuwa unapiga na yule mpiga besi wa kwenye santuri."

Nimeanza na aibu hiyo kwa sababu kila mwezi kijana mmoja au wawili hunijia na orodha ndefu kwenye simu: albamu za wapiga piano waliowaenzi walimu wao. Wanataka kujua waanzie wapi, na wengine wanataka kurekodi ya kwao. Naongea na hao. (Na tuelewane mapema: kwetu ukisema "jazz" mtu anaweza kukufikiria Morogoro Jazz au Western Jazz, magitaa na saksafoni za dansi. Nazipenda sana. Hapa nazungumzia jazi ya Wamarekani Weusi, na ndani yake kona moja ndogo: piano, besi, dramu, pengine na mtu wa nne.)

Kundi dogo lina faida moja kwa anayejifunza, nayo ni kwamba hakuna pa kujificha. Kwenye bendi kubwa mkono wa kushoto wa mpiga piano unaweza kulala usingizi nyuma ya tarumbeta na hakuna atakayejua. Kwenye trio, yaani kundi la watu watatu, unasikika hata ukisita.

Aliyesoma chuoni anajua maana ya silsila: ukisema umesoma, utaulizwa umesoma kwa nani, na huyo alisoma kwa nani. Piano ya jazi ina silsila yake. Harlem, mtaa wa Weusi kule New York, alikuwapo mpiga piano Willie "The Lion" Smith, ambaye mkono wake wa kushoto ulikuwa ukiruka kutoka besi hadi kodi (simaanishi kodi ya nyumba, bali noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) bila kupumzika. Duke Ellington, kijana aliyetoka Washington, alikuwa akimfuata kumsikiliza, na mwaka 1939 akamtungia "Portrait of the Lion". Monk alichota kwa Ellington. Bud Powell na Randy Weston wakachota kwa Monk. Albamu ya kuenzi ni mahali ambapo mwanafunzi anaitaja silsila yake hadharani, kwa vidole.

Ya kwanza ninayokupa ni ya Monk mwenyewe akipiga nyimbo za Ellington, Julai 1955. Kampuni ya santuri ya Riverside ilikuwa imempata kutoka kampuni nyingine, Prestige, kwa kumlipia deni la dola 108 na senti 27. Wenye kampuni waliona watu wanaziogopa tungo zake, wakamtaka aanze na nyimbo ambazo kila mtu anazijua. Wakaingia studio ya fundi wa kurekodi Rudy Van Gelder kule Hackensack, New Jersey, ambayo wakati ule ilikuwa sebule ya nyumba ya wazazi wake. Kwenye besi alikuwa Oscar Pettiford, aliyekuwa amepiga katika bendi ya Ellington, na kwenye dramu Kenny Clarke. Mtayarishaji, Orrin Keepnews, alisimulia baadaye kwamba Monk alikaa na karatasi za noti akizidonoa polepole, kama mtu ambaye hajawahi kuzisikia nyimbo hizo. Wapo waliodhani anawadhihaki. Mimi naona ndiyo ilikuwa kazi yenyewe: wimbo uliouzoea mno masikio hayausikii tena, kwa hiyo aliurudia kama mgeni.

Sikiliza humo "Solitude", ambayo amepiga peke yake. Hakuna manjonjo. Mwendo wa mkono wa kushoto ni wa akina Lion, ila umepunguziwa maneno. Ukiisikiliza mara ya tatu, acha kufuata anachopiga, fuata anachoacha. Chukua karatasi, andika: hapa Ellington alijaza, hapa Monk kanyamaza. Zoezi hilo limenifundisha zaidi ya ile miezi mitatu ya kunakili.

Kisha nenda kwa Bud Powell, Paris, Desemba 1961, pamoja na Pierre Michelot kwenye besi na Kenny Clarke yuleyule. Albamu inaitwa A Portrait of Thelonious. Monk alimlea Powell kimuziki na mwaka 1947 alimtungia "In Walked Bud", kwa hiyo hapa mwanafunzi ndiye anayerudisha. Powell wa 1961 si yule wa miaka ya arobaini aliyekuwa akikimbia kama moto wa nyika. Maradhi yalikuwa yamemchosha. Angalia jambo moja dogo: kati ya nyimbo nane, nne tu ni za Monk. Hakuona haja ya kujaza albamu nzima na mwalimu ili ijulikane kwamba ni ya mwalimu. Vijana wengi wanaonijia wamepanga nyimbo kumi na mbili za mtu mmoja, zote zilezile maarufu, na hawawezi kuniambia kwa nini hata moja imo. Hiyo nami naiita orodha ya maombi ya redio.

Sasa Tommy Flanagan, ambaye ningetaka ukae naye kuliko wote.

Mei 1959 Flanagan, kijana wa Detroit mwenye miaka 29, aliitwa na mpiga saksafoni John Coltrane kurekodi "Giant Steps". Wimbo ule ni mfupi, lakini unaruka kati ya funguo tatu za muziki zilizo mbalimbali, na kodi zinabadilika karibu kila baada ya mapigo mawili, kwa kasi ya kutisha. Coltrane alikuwa ameufanyia mazoezi muda mrefu. Flanagan hakuwa amepata nafasi hiyo. Weka albamu, subiri solo ya piano. Anaanza vizuri, anasita, sentensi zinakatika, mwishowe anabaki kuweka kodi tu ili asiipoteze njia. Ikachapwa hivyohivyo. Tangu hapo kila anayesoma jazi duniani anamsikia akijikwaa.

Mwaka 1982, Coltrane akiwa amefariki karibu miaka kumi na mitano kabla ya hapo, Flanagan aliingia studio na George Mraz kwenye besi na Al Foster kwenye dramu, akarekodi albamu ya kumkumbuka Coltrane. Akaiita Giant Steps. Na wimbo ule akaupiga. Hakumfukuza Coltrane kwa kasi. Anaupitia kwa mguso wake mwepesi, kama mtu anayepita gizani ndani ya nyumba yake mwenyewe. Hebu zisikilize hizo mbili siku moja, moja baada ya nyingine. Mimi nilizisikiliza nimekaa sakafuni, na nakiri nilirudia mara nne.

Mwaka uleule, Februari, Monk naye alifariki. Kabla mwaka haujaisha Flanagan alikuwa amerekodi Thelonica, tena na Mraz, ila safari hii dramu zilipigwa na Art Taylor, yuleyule aliyekuwapo kwenye "Giant Steps" ya 1959. Jina la albamu limeunganishwa kutoka Thelonious na Nica, yaani Pannonica de Koenigswarter, ambaye Monk aliishi nyumbani kwake miaka yake ya mwisho. Utasikia nyimbo za Monk zilizopigwa kwa ulaini ambao Monk hakuwa nao. Hakuna noti hata moja iliyowekwa ili ufikiri "ah, kama Monk kabisa".

Randy Weston nitampitia haraka ingawa anastahili siku yake. Alikuwa mtu wa Brooklyn, mrefu kupindukia, aliyekuwa akienda nyumbani kwa Monk na kukaa saa nyingi bila kuambiwa neno. Mwaka 1989, Paris, alirekodi albamu tatu ndani ya siku tatu, moja ikiwa ya nyimbo za Monk na moja ya Ellington. Besi, dramu, na juu yake mpiga ngoma za mkono kutoka Ghana. Kwake silsila haikuishia Harlem, ilivuka bahari kurudi huku. Miaka ishirini na tisa kabla ya hapo alikuwa amerekodi Uhuru Afrika, ambayo ni ya bendi kubwa na hivyo iko nje ya kona yetu, lakini ina shairi la Langston Hughes linalosomwa kwa Kiswahili na Tuntemeke Sanga wa Tanganyika, na sehemu yake ya mwisho inaitwa "Kucheza Blues". Mara ya kwanza kuisikia, nikiwa nimevaa visikizio kwenye daladala, niligeuka nyuma nikidhani kuna abiria anahutubia.

Na mwalimu wako si lazima awe mpiga piano. Keith Jarrett (piano), Gary Peacock (besi) na Jack DeJohnette (dramu) wote watatu walikuwa wamepiga na Miles Davis, mpiga tarumbeta. Miles alifariki tarehe 28 Septemba 1991. Tarehe 12 Oktoba wakakutana studio wakarekodi Bye Bye Blackbird. Majuma mawili tu.

Ukitaka kuanza wiki hii, chagua wimbo mmoja wa mtu unayemwita mwalimu wako, si tatu. Uimbe kwa mdomo hadi usihitaji simu. Upige kwa mkono wa kushoto peke yake, taratibu, bila solo. Usinakili solo ya mtu hadi umeweza hilo. Ukishainakili, ipige chumbani, ijue, kisha iache humohumo chumbani. Halafu mtafute mpiga besi, na usimpe santuri ya kusikiliza. Mwambie aanze yeye, nawe subiri mapigo nane kabla hujagusa chochote.