Makumbusho ya Tokugawa, Nagoya: chagua tarehe kabla ya kukata tiketi

Wengi wanaokwenda Makumbusho ya Sanaa ya Tokugawa, mjini Nagoya, Japani, wanafuata kitu kimoja: magombo ya karne ya 12 yenye michoro ya Hadithi ya Genji, riwaya ya kale ya Kijapani. Wanakuta nakala na video, wanatoka wamenuna. Magombo halisi hutolewa ghalani kwa muda mfupi tu, mara nyingi Novemba, tena sehemu chache kwa wakati mmoja, kwa sababu rangi ya kale ikishafubazwa na mwanga hairudi. Basi soma kwanza ratiba ya maonyesho kwenye tovuti yao, ndipo ukate tiketi ya ndege. Anayependa wanasesere wa Hina, wa sikukuu ya wasichana, alenge kati ya Februari na mwanzoni mwa Aprili.

Jumatatu hufungwa; ikiangukia sikukuu, hufungwa kesho yake. Katikati ya Desemba hadi mwaka mpya pia hufungwa. Hufunguliwa saa 4 asubuhi, na mwisho wa kuingia ni saa 10 na nusu jioni. Panda treni ya JR, laini iitwayo Chuo, shuka Ozone, tokea upande wa kusini, kisha tembea dakika kama 10.

Hazina ya makumbusho haya ilikuwa ya Owari, tawi la ukoo wa Tokugawa lililoanzishwa na Yoshinao, mtoto wa kiume wa tisa wa Ieyasu, shogun, yaani mtawala wa kijeshi wa Japani. Makumbusho yalifunguliwa 1935. Uzuri wake ni kwamba vyumba vimepangwa kama makazi ya daimyo, bwana wa jimbo: silaha, chumba cha chai, ukumbi wa wageni, jukwaa la Noh, maigizo ya jadi ya Kijapani. Fuata mpangilio huo. Ukirukaruka, bakuli la chai litabaki bakuli tu.

Kwenye panga usisimame wima. Kunja magoti, sogeza kichwa taratibu kushoto na kulia mpaka mwanga wa taa uteleze juu ya bapa. Utaona utando mweupe kama ukungu ukifuata makali. Huo ndio hamon. Fundi hupaka bapa udongo, mwembamba kwenye makali, mnene mgongoni, kisha hulipasha moto na kulichovya majini. Makali hupoa ghafla na kuwa magumu. Mgongo hupoa polepole na kubaki na unyumbufu, upanga usivunjike.

Halafu ulizia vyombo vya harusi viitwavyo Hatsune, ambavyo huonyeshwa kwa zamu. Vilitengenezwa na fundi Koami Nagashige kwa ajili ya Chiyohime, binti wa shogun Iemitsu, aliyeozwa 1639 akiwa na miaka miwili tu. Mapambo yake ni maki-e: mchoro wa utomvu wa mti wa urushi, ukiwa bado mbichi, hunyunyiziwa unga wa dhahabu. Angalia kwa utulivu katikati ya misonobari na mawe yaliyochorwa: kuna herufi zimefichwa. Ukiziunganisha unapata shairi la ndege anayesubiriwa aimbe kwa mara ya kwanza mwaka mpya unapoanza.

Taa za ndani ni hafifu kwa makusudi, hivyo yape macho dakika chache. Andika kwa penseli, si kalamu ya wino, na kabla ya kupiga picha tafuta alama ya kamera ya chumba husika.

Bustani ya Tokugawaen, iliyo jirani, ina tiketi yake, lakini ipo ya pamoja iliyo nafuu. Ukifika alasiri, anza na makumbusho, kwa kuwa bustani huchelewa kidogo kufunga. Wakati wa kutoka pitia Lango Jeusi, lililojengwa 1900 na kunusurika mabomu ya 1945.