Askari hufundishwa wapi kuongea na watu?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mwanangu wa miaka 19 alichukuliwa usiku kwenye msako huku Likoni. Nilikwenda kituoni kuuliza kosa lake, nikaambiwa "ngoja hapo" hadi alfajiri. Akaachiliwa bila kushtakiwa. Sasa nasikia askari wanapelekwa mafunzo ya maadili. Yatamsaidia nini mtu aliyezoea kufoka?
Mama, Likoni

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Mafunzo hayo si hisani. Kifungu cha 244 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinataka polisi wafundishwe uadilifu na kuheshimu haki na utu wa watu, kwa hivyo una haki ya kuuliza yanazaa nini.

Kazi yangu ya usaidizi wa sheria imenikalisha kwenye mafunzo hayo mara nyingi. Ya kusomewa vifungu kutwa nzima hayaniridhishi. Lakini niliona mkufunzi mmoja, sajini mstaafu, akimwambia koplo avue mshipi na viatu, akachukua simu yake, akamkalisha kwenye benchi. Kisha yeye akainamia daftari lake, anaandika. Kila koplo akiuliza, jibu ni "ngoja". Wenzake walicheka, halafu wakaacha kucheka. Mwishowe koplo akapandisha sauti: "Afande, si uniambie tu nimefanya nini!"

Ndipo mkufunzi akafungua Kifungu cha 49 cha Katiba: anayekamatwa aambiwe sababu mara moja, kwa lugha anayoielewa. Hapa kwetu hilo ni jambo zito. Kuna bibi zetu wa Kidigo wanaosomewa makosa yao kwa Kiingereza, wakaitikia tu kwa hofu.

Somo ninalotaka litiliwe mkazo zaidi liko kwenye Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011. Askari ajaribu kwanza njia isiyo ya nguvu, na akitumia nguvu kinyume cha sheria, kusema "niliamriwa na mkubwa" hakumwokoi. Kurutu anatoka Kiganjo, chuo cha polisi, amezoea kuitikia "ndiyo afande". Atakataaje amri mbovu ikiwa OCS wake, yaani mkuu wa kituo, hakuketi naye darasani? Wakubwa wakituma vijana peke yao kwenye mafunzo, mimi nahesabu hakuna kilichofanyika.

Kwa upande wako, andika tarehe, saa, na jina au namba ya askari kama uliiona. Sheria inamtaka aliyevaa sare aionyeshe. Peleka malalamiko IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi. Wana ofisi hapa Mombasa na hulipi kitu. Siku nyingine kumbuka pia kwamba aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, ila zikiishia wikendi husubiri siku ya korti inayofuata, ndiyo maana wa Ijumaa usiku hukaa hadi Jumatatu. Huko IPOA nenda na mwanao mwenyewe, maana maelezo ya yaliyompata mle ndani ni yeye wa kuyatoa.